Rubavu: wilaya ya ziwa, mto na mpaka, kutoka Gisenyi hadi Mahoko

Wilaya ya Rubavu iko kaskazini-magharibi mwa Rwanda, katika Mkoa wa Magharibi. Upande wa magharibi na kaskazini inapakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mashariki inapakana na Wilaya ya Nyabihu, kusini na Rutsiro, na kusini-magharibi inaishia kwenye maji ya Ziwa Kivu. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 388, nalo ni dogo ukilinganisha na idadi ya watu wanaoishi humo: sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi zaidi ya 400,000, na ile ya mwaka 2022 ikaonyesha kwamba wamepita 540,000. Makao makuu yako Gisenyi, mji ulioshikana na Goma kiasi kwamba mgeni asiyeona kizuizi cha mpakani angedhani ni mji mmoja.

Lakini wengi wa wakazi wa wilaya hii hawaishi kando ya ziwa. Wanaishi vilimani, katika vituo vya biashara vilivyo kwenye barabara kuu ya Gisenyi, Musanze na Kigali. Mojawapo ya vituo hivyo ni Mahoko, katika Tarafa ya Kanama. Msafiri anayetoka Gisenyi hupita Rugerero, kisha Nyundo, ndipo afike Mahoko, mahali ambapo wakulima hushusha viazi, karoti, kabichi na maharage kutoka vilima vya jirani. Mtu akitaka kuelewa jinsi ardhi, utawala na sheria vinavyokutana Rubavu, Mahoko inafaa kuangaliwa kuliko ufukwe wa Gisenyi wenye hoteli zake.

Jina moja, mahali pengi

Kwanza ni vyema kuondoa utata wa majina, maana umewasumbua watu wengi waliowahi kujaza fomu. Rubavu ni jina la wilaya nzima. Ni jina pia la tarafa moja kati ya tarafa 12 za wilaya hiyo. Ni jina la kata moja ndani ya Tarafa ya Gisenyi. Na kabla ya yote hayo, Rubavu ni kilima kinachosimama juu ya mji. Kwa hiyo mtu akisema anatoka Rubavu, karani ana haki ya kumuuliza ni Rubavu ipi. Tarafa nyingine 11 ni Bugeshi, Busasamana, Cyanzarwe, Gisenyi, Kanama, Kanzenze, Mudende, Nyakiriba, Nyamyumba, Nyundo na Rugerero.

Utata wa pili unatokana na Kiswahili chenyewe. Rwanda ina ngazi tano za utawala: intara, akarere, umurenge, akagari na umudugudu. Ngazi ya kwanza ni mkoa na ya pili ni wilaya, wala hapo hakuna ubishi. Kutoka hapo kwenda chini, Waswahili hawajakubaliana. Aliyekulia Tanzania anajua kwamba tarafa hukusanya kata kadhaa, na kata hukusanya vijiji au mitaa. Aliyetoka Goma au Bukavu amezoea majina ya Kifaransa, na ukimwambia kata huenda akafikiria kitu kingine kabisa. Katika makala haya, umurenge unaitwa tarafa, akagari kata, na umudugudu kijiji, hata pale umudugudu unapokuwa katikati ya mji. Kwa mpangilio huo, mkazi wa Mahoko ni wa Kata ya Mahoko, Tarafa ya Kanama, Wilaya ya Rubavu.

Nchi mbili ndani ya wilaya moja

Ardhi ya Rubavu imegawanyika kwa namna ambayo jicho huiona mara moja. Upande wa kaskazini, katika Bugeshi, Busasamana, Mudende na Cyanzarwe, udongo umetokana na mawe ya volkano. Ni mweusi, una rutuba nyingi, nao hustawisha viazi mviringo na pareto. Kasoro yake ni kwamba maji hayakai juu yake. Mvua ikinyesha hupenya kati ya mawe na kupotelea chini, hivyo mito ya kudumu ni nadra, na wakazi wanaoishi chini ya mlima wenye mvua nyingi hulazimika kukinga maji ya mapaa au kutembea mbali kuyatafuta.

Upande wa kusini na mashariki, katika Kanama, Nyundo, Nyakiriba na sehemu za Rugerero na Nyamyumba, hali ni kinyume. Hapo vilima vina miteremko mikali, udongo una mfinyanzi, na maji yote hukimbilia bondeni. Bonde hilo ni la Mto Sebeya. Mto huo huanzia katika nyanda za juu za upande wa Rutsiro, hupokea vijito kama Pfunda na Karambo, hupita karibu na Mahoko na Nyundo, na kumwaga maji yake katika Ziwa Kivu kusini mwa mji wa Gisenyi. Si mto mrefu. Hata hivyo umebebeshwa kazi nyingi: unaendesha vituo vidogo vya umeme vya Keya, Gihira na Gisenyi, na maji yake husafishwa Gihira kwa matumizi ya mjini.

Chanzo cha Sebeya kiko katika eneo lililokuwa Msitu wa Gishwati. Msitu huo uliwahi kufikia takriban hekta 28,000. Malisho ya ng'ombe, mashamba, miradi ya ufugaji na kisha makazi ya watu waliorejea nchini baada ya mwaka 1994 viliupunguza hadi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, zikabaki hekta mia kadhaa tu. Wanaoishi Mahoko hawakuhitaji mtaalamu kuwaeleza matokeo yake. Maji yaliyokuwa yakishikwa na mizizi yalianza kushuka kwa pamoja, yakiwa na rangi ya udongo. Upandaji miti ulianza upya, na Gishwati pamoja na Mukura vikafanywa hifadhi ya taifa, ambayo mwaka 2020 ilitambuliwa na UNESCO kuwa hifadhi ya baiolojia na binadamu. Lakini mti uliokatwa kwa siku moja hauoti kwa siku moja, na bonde la Sebeya linaendelea kuishi na deni hilo.

Ziwa lenyewe liko kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kina chake katika sehemu ya chini kabisa kinakaribia mita 480. Chini ya maji hayo imehifadhika gesi ya methani kwa wingi. Rubavu ndiyo iliyotangulia kuitumia: tangu mwaka 1963, kiwanda kidogo kwenye rasi ya Rubona kilikuwa kikipeleka gesi katika kiwanda cha bia cha Bralirwa, kilichojengwa hapo mwishoni mwa miaka ya 1950. Siku hizi kuna mtambo mkubwa zaidi katika Tarafa ya Nyamyumba, uliokusudiwa kuzalisha megawati 56 za umeme kutokana na gesi hiyo hiyo.

Juu ya yote hayo ipo Nyiragongo. Volkano hiyo iko Kongo, lakini moto wake hauombi kibali cha kuvuka mpaka. Ililipuka mwaka 1977, Januari 2002 na Mei 2021. Mara zile mbili za mwisho maelfu ya wakazi wa Goma walikimbilia Gisenyi kwa miguu usiku, na mwaka 2021 matetemeko yaliyofuata yalipasua nyumba, maduka na barabara upande wa Rwanda.

Kutoka Bugoyi hadi wilaya

Kabla ya ukoloni, sehemu kubwa ya eneo hili iliitwa Bugoyi, na wenyeji wake bado hujiita Abagoyi. Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alipita hapa mwaka 1894, akapanda Nyiragongo na kufika Ziwa Kivu. Baadaye Wajerumani waliweka kituo Gisenyi, wakiliandika jina hilo Kissenji. Mpaka uliopo leo kati ya Gisenyi na Goma ulitokana na makubaliano ya Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza huko Brussels mwaka 1910. Wenyeji hawakuulizwa. Miaka minne baadaye mstari huo huo ukawa uwanja wa vita, na mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliuvuka na kuwafukuza Wajerumani.

Wabelgiji waliitawala Rwanda kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa na kisha ya Umoja wa Mataifa, na Kisenyi, kama walivyoandika wao, ikawa makao ya mojawapo ya maeneo yao ya utawala. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, eneo hilo likawa Mkoa wa Gisenyi, uliogawanywa katika wilaya ndogo zilizoitwa komini, kila moja na bagumesta wake. Komini mojawapo ilikuwa Kanama.

Hapa ndipo historia inapomgusa mtu wa Mahoko moja kwa moja. Katika mageuzi ya mwaka 2001, komini 154 za nchi nzima zilipunguzwa kuwa wilaya 106, na Kanama ikawa wilaya yenye meya wake. Mageuzi ya pili yalianza kutekelezwa mwaka 2006: mikoa ikabaki minne pamoja na Jiji la Kigali, wilaya zikawa 30, na tarafa 416. Kanama ikateremka daraja, ikawa tarafa, na ofisi ya meya ikahamia Gisenyi. Serikali ilieleza kwamba wilaya kubwa zitakuwa na watumishi wenye ujuzi na bajeti ya kutosha, jambo ambalo wilaya ndogo zilikuwa zimelikosa. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kwa mkulima aliyekuwa akimfikia meya kwa miguu, sasa ilibidi kutafuta nauli. Kwa sababu hiyo huduma nyingi za kila siku zilishushwa hadi ofisi za tarafa na kata, na katibu mtendaji wa tarafa akawa ndiye sura ya serikali ambayo raia huiona mara nyingi zaidi.

Nani anaongoza, na nani anaweza kumwondoa

Chombo cha juu katika wilaya ni baraza la madiwani, linalojulikana kwa jina la Njyanama. Tangu uchaguzi wa mwaka 2021 lina wajumbe 17: wanane waliochaguliwa kwa jumla, wanawake watano, na wawakilishi wa vijana, wa wanawake, wa watu wenye ulemavu na wa sekta binafsi. Baraza hupitisha bajeti na kusimamia kamati tendaji, ambayo ina meya na manaibu wawili, mmoja wa maendeleo ya uchumi na mwingine wa ustawi wa jamii. Kamati hiyo hutoka miongoni mwa madiwani wenyewe. Katibu mtendaji wa wilaya, pamoja na wale wa tarafa na kata, hawachaguliwi kwa kura. Ni watumishi wa umma wanaoajiriwa. Kiongozi wa kijiji ndiye huchaguliwa na majirani zake. Kila mwaka wilaya hutia sahihi mikataba ya utendaji, imihigo, inayopimwa mwisho wa mwaka wa fedha, na raia huweza kutoa malalamiko yao katika baraza la wananchi, inteko y'abaturage, ambalo kwa kawaida hukaa siku ya Jumanne.

Uwezo wa Njyanama ulionekana wazi Mei 2023. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei mvua kubwa ilinyesha katika mikoa ya Magharibi, Kaskazini na Kusini. Watu zaidi ya 130 walipoteza maisha nchini. Sebeya ilifurika na kuingia katika nyumba za watu waliolala, kuanzia Kanama na Nyundo hadi Rugerero. Nyumba zilianguka, barabara zikakatika, mifugo ikasombwa. Tarehe 6 Mei, siku tatu tu baadaye, baraza la wilaya lilimwondoa madarakani Meya Ildephonse Kambogo, kwa maelezo kwamba hakutimiza ipasavyo wajibu wake katika kukabiliana na maafa hayo. Tarehe 12 Mei Rais Paul Kagame aliwatembelea waathirika Rubavu. Mwishoni mwa mwaka huo Prosper Mulindwa alichaguliwa kuwa meya.

Kumwondoa kiongozi kulichukua siku tatu. Kazi ya bonde haiwezi kwenda kwa kasi hiyo: kujenga kuta za kingo, kutengeneza bwawa la kuzuia maji ya ghafla, kulima matuta kwenye miteremko, na lililo gumu kuliko yote, kuwahamisha watu waliojenga karibu na mto. Kanuni za serikali zimekuwa zikitenga mita 50 kutoka ukingo wa ziwa na mita 10 kutoka ukingo wa mto mkubwa kuwa eneo lisilojengwa. Lakini mtu mwenye kiwanja kimoja tu, tena kilichoandikishwa kwa jina lake, huona mita hizo 10 kwa jicho lingine kabisa.

Kesi ya mtu wa Mahoko huenda wapi

Mafuriko huacha pia kesi. Mawe ya mipaka hufukiwa, mto huhama na kula shamba la mmoja na kumwongezea mwingine, warithi wakakosa kuelewana juu ya kilichobaki. Kesi kama hizo haziendi moja kwa moja mahakamani. Hupelekwa kwanza kwa wapatanishi, abunzi, ambao huchaguliwa kwa uadilifu wao na kufanya kazi hiyo bila mshahara kwa kipindi cha miaka mitano. Kila kata ina kamati ya watu saba, na asiyeridhika hukata rufaa kwa kamati ya tarafa. Sheria inataka wanawake wasipungue asilimia 30 ya wajumbe. Ikishindikana hapo, mlango wa mahakama hufunguka: kwanza Mahakama ya Mwanzo, kisha Mahakama ya Kati ya Rubavu, na juu yake Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufaa iliyoanzishwa mwaka 2018, na Mahakama ya Juu.

Mpangilio huu ni mgeni kuliko unavyoonekana. Chini ya Wabelgiji, amri ya mwaka 1943 ilithibitisha mahakama za wenyeji katika ngazi ya chifu, ya eneo la utawala na ya Mwami, na mara nyingi aliyetoza kodi ndiye aliyehukumu. Baada ya uhuru zikaja mahakama za kantoni. Ni mageuzi ya mwaka 2004 yaliyoweka msingi wa ngazi za sasa, na majina ya Mahakama ya Mwanzo na Mahakama ya Kati yakafuata mwaka 2008.

Haiwezekani kuzungumzia haki katika wilaya hii bila kutaja mwaka 1994. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Gisenyi ilikuwa miongoni mwa sehemu ambazo mauaji yalianza mapema kabisa. Watu waliokimbilia Nyundo, kwenye kanisa kuu la jimbo lililoongozwa hapo awali na Aloys Bigirumwami, askofu wa kwanza Mwafrika katika makoloni ya Ubelgiji, waliuawa humo. Wengine walipelekwa kwenye makaburi ya Gisenyi, mahali palipoitwa Commune Rouge na ambapo leo pana kumbukumbu. Félicité Niyitegeka, mtumishi mlei wa Kanisa Katoliki aliyewahifadhi watu katika kituo cha Saint Pierre, alikataa kuokolewa peke yake na kuwaacha, akauawa pamoja nao Aprili 21, 1994. Taifa limemweka katika daraja la mashujaa la Imena. Kesi za mauaji hayo ziliwazidi majaji waliokuwepo, ndipo mahakama za Gacaca zikaundwa vilimani, Kanama ikiwamo. Zilifungwa rasmi Juni 18, 2012, baada ya kusikiliza kesi zaidi ya milioni 1.9 nchini kote.

Lugha ya mpakani

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda kwa sheria ya mwaka 2017. Kwa Rubavu sheria hiyo ilitambua tu kilichokuwapo. Kwenye vizuizi viwili vya mpakani, kile cha La Corniche karibu na ziwa na kile kidogo ambacho wafanyabiashara hukiita Petite Barrière, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakivuka kila siku kabla ya janga la Korona, wengi wao wanawake wenye mizigo ya mboga, maziwa na unga, na bei zilipatanwa kwa Kiswahili. Katika mitaa kama Mbugangari, lugha hiyo husikika ndani ya nyumba pia, miongoni mwa familia za Kiislamu, za waliorejea kutoka Kongo na Tanzania, na za mchanganyiko wa pande zote mbili. Mahoko haiko mpakani, lakini magari yanayobeba mazao yake huelekea huko, na madereva na wachuuzi wa soko lake wana sababu ya kujua hesabu kwa lugha zote mbili.

Katika ofisi na mahakama, hata hivyo, kazi nyingi bado hufanyika kwa Kinyarwanda: hati, hukumu, matangazo ya ukutani. Mwenye kesi asiyeelewa lugha inayotumika ana haki ya kupewa mkalimani mahakamani, na inafaa aseme hivyo mapema, anapofungua shauri, badala ya kungoja siku ya kusikilizwa.